Kutoka Dania hadi Scapa Flow: je, cheti cha mita 40 na uzoefu wa maji ya vuguvugu vinatosha?

Mkizi wa Lang'ata

Nawasalimu nyote. Ninaishi Lang'ata na nimekuwa nikipiga mbizi pwani yetu tangu mwaka 2016, zaidi ya mara 80 hadi sasa, mara nyingi Diani na Watamu. Meli niliyoizoea ni Dania, ile iliyokuwa ikibeba ng'ombe na ikazamishwa makusudi karibu na Nyali mwaka 2002 ili iwe maskani ya samaki. Nimeishukia mara 14, na mchanga ulio chini yake, penye kina cha mita 30 hivi, nimeugusa mara kadhaa. Nina cheti cha kina cha mita 40 na kingine cha kutumia naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni.

Sasa binamu yangu anayefanya kazi Uingereza amepata nafasi mbili katika boti itakayokaa wiki nzima Scapa Flow, visiwani Orkney, kaskazini mwa Uskoti, mwezi wa Septemba. Waliosoma historia watakumbuka kwamba huko ndiko Waingereza walikozizuia meli 74 za kivita za Ujerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na kwamba tarehe 21 Juni 1919 Admeri Ludwig von Reuter aliwaamuru mabaharia wake wazifungulie maji zizame, kuliko kuziacha zigawanywe na washindi. Zilizama 52. Nyingi ziliibuliwa katika miaka iliyofuata zikauzwa kama vyuma chakavu, lakini saba zingali chini: manowari König, Kronprinz Wilhelm na Markgraf, pamoja na kruza, yaani meli za kivita ndogo na nyepesi zaidi, Brummer, Cöln, Dresden na Karlsruhe.

Tamaa hii ni ya zamani. Nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi tulipelekwa Fort Jesus tukaonyeshwa mzinga wa Königsberg, ile kruza ya Wajerumani iliyomalizwa katika delta ya Rufiji mwaka 1915, na tangu siku hiyo nimetaka kuiona meli ya jeshi lile ikiwa bado na mizinga yake, majini, mahali ilipolala.

Swali langu ni kuhusu kina. Markgraf imelala katika mita 45, na cheti changu kinaishia 40. Je, nikichukua mafunzo ya kuziba hizo mita tano nitakuwa nimekamilika? Naomba pia ushauri kuhusu suti, kwa maana binamu yangu anasema suti ya raba ya milimita 7 inatosha ilhali wengine wanashikilia suti kavu, ile isiyoingiza maji. Niseme na ukweli mwingine, ili mnijibu mkijua mnamjibu nani: mwezi wa Februari nikiwa Dania nilijisahau nikimpiga picha chewa mkubwa, na nilipokuja kutazama geji nikakuta hewa mtungini imebaki baa 50, nami bado niko mita 28. Nilipanda salama, lakini nilifika juu nikiwa na baa 20 tu.

Binti Shela

Ndugu Mkizi, ahsante kwa kusema hilo la mwisho, kwa sababu ndilo linalohitaji jibu kuliko yote. Nilisoma Aberdeen kwa miaka minne na nimekwenda Scapa mara tatu. Hizo mita tano zisikusumbue kwanza. Kinachoitenganisha Dania na Markgraf ni baridi, na baridi hiyo haikai mahali pamoja. Huanzia vidoleni, ikaingia katika hesabu yako ya hewa, na mwishowe ikafika kichwani, wakati ambapo huna tena kichwa cha kuigundua.

Septemba maji ya Scapa huwa nyuzi 12 au 13, na huo ndio wakati wake wa joto. Sisi tumezoea 25 na kuendelea. Suti ya raba hukinga baridi kwa vipovu vya gesi vilivyomo ndani ya raba yenyewe, na vipovu hivyo huminywa na mgandamizo kadiri unavyoshuka, kwa hiyo ile milimita 7 ya binamu yako ni milimita 7 akiwa juu ya boti tu. Mita 36 chini, raba imekuwa nyembamba na wewe ndipo unapoihitaji zaidi. Wako wanaoshuka nayo Scapa, sikatai, ila nimewaona wakitetemeka kwenye sitaha huku wengine wakijiandaa kwa mbizi ya pili.

Vaa suti kavu, lakini ujue kwamba unaongeza chombo cha pili cha kuelea juu ya jaketi ulilolizoea. Ndani yake kuna hewa unayoiongeza ukishuka na kuitoa ukipanda. Ukiinamisha kichwa na kuinua miguu, hewa yote hukimbilia miguuni, na usipojua namna ya kujipindua utavutwa juu miguu ikitangulia, bila breki. Uzani nao hubadilika. Mimi Diani nabeba kilo 4, na kule nilibeba 12. Usiivae kwa mara ya kwanza juu ya meli iliyozama. Piga mbizi 15 au 20 nayo mahali pa kina kifupi, hadi mkono uifikie vali ya bega bila wewe kufikiri.

Kuhusu mikono, fanya jaribio hili ukiwa hapo Lang'ata. Jaza beseni maji na barafu, tumbukiza mikono dakika kumi ukiwa umevaa glovu nene, kisha ujaribu kufunga kishikizo cha tochi na kufunga vali iliyo nyuma ya shingo yako. Wengi hushindwa wakiwa wamekaa kitini.

Sasa hesabu ya hewa, ambayo ningependa uifanye mwenyewe kwa kalamu. Mtungi mmoja wa lita 12 uliojazwa baa 200 una lita 2,400. Mtu aliyetulia katika maji ya vuguvugu hupumua kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Mita 36, ilipo Cöln, mgandamizo ni baa 4.6, kwa hiyo lita hizo huwa 92. Baridini, mtu akiwa mgeni wa suti yake na amebeba vyuma vingi, zile 20 hugeuka 28 kwa urahisi, na huko chini zinakaribia 129. Kisha weka akiba ya kuwarudisha watu wawili kwa mtungi wako, endapo wa mwenzako umeharibika. Kila mmoja akihema lita 30, dakika mbili za kutatua tatizo huko chini hula lita 552, dakika nne za kupanda hula 672, na dakika tatu za kusubiri katika mita tano hula 270. Jumla ni 1,494, ambazo katika mtungi wa lita 12 ni baa 125. Maana yake unatakiwa uanze kurudi geji inaposoma 125, na zile baa 75 ulizoruhusiwa kutumia zitakupa dakika saba, tena muda wa kushuka ukiwa humo humo. Ndiyo maana kule watu hushuka na mitungi miwili iliyounganishwa: akiba ileile inakuwa baa 62 tu, na unabaki na muda wa kutazama kitu. Kwa ile tabia ya Februari, ambayo Dania imekusamehe, Cöln isingekuwa na nafasi ya kukusamehe wewe pamoja na mwenzako.

Jambo jingine ni kipumulio. Hewa inapotoka katika mgandamizo mkubwa wa mtungi hupoa ghafula, na maji yakiwa baridi tayari, sehemu za ndani zinaweza kuganda zikiwa wazi, hewa ikamwagika bila kukoma. Lilinipata katika ziwa moja la Uskoti mwezi wa Machi, maji yakiwa nyuzi 5, nikiwa na kipumulio nilichokitoa Mombasa na ambacho hakikuwa kimetengenezewa baridi. Kelele zake zilinitisha kuliko ule upungufu wenyewe wa hewa. Mwenzangu alinipa kipumulio chake cha akiba tukapanda pamoja, na mtungi wangu ulikuwa mtupu kabla hatujafika juu. Kwa hiyo kodi vifaa hukohuko, vilivyothibitishwa kwa maji yaliyo chini ya nyuzi 10, na uache vyako nyumbani.

Chewa Mzee

Vijana, nimesoma yote na mengi nayakubali. Nilifundisha kupiga mbizi pwani kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuhamia Rongai, ambako maji pekee ninayoyaona sasa ni ya boza. Nina mambo mawili.

La kwanza ni historia, kwa maana naona Mkizi anakwenda mahali pasipo na anachokitafuta. Manowari tatu kubwa za Scapa zimelala kifudifudi. Minara ya mizinga na vyuma vya kinga vilikuwa vizito mno upande wa juu, hivyo zilipojaa maji zilipinduka, na leo unapoishukia Markgraf unaona hasa tumbo la meli, ubapa mkubwa wa chuma kama paa la ghala. Mizinga yake ya sentimita 30.5 iko chini ya gofu lenyewe, gizani, penye kina kuliko pote. Kruza ni habari nyingine. Hizo zimelala ubavu, sitaha zake zimesimama kama ukuta, na mizinga yao ya sentimita 15 ungali unaweza kuiona pale Brummer na pale Karlsruhe.

Na Karlsruhe, mwanangu, iko mita 26 tu. Wajerumani walipozipoteza kruza zao za mwanzo wa vita, ikiwamo hiyo ya Rufiji, walijenga nyingine wakazirithisha majina. Tabaka hilo jipya, yaani kundi la meli za muundo mmoja, likaitwa Königsberg, na Karlsruhe hii ni mmoja wa ndugu wanne wa tabaka hilo. Meli ambayo mzinga wake ulionyeshwa Fort Jesus ina mrithi wa jina lake, na dada wa mrithi huyo amelala ndani ya mpaka wa cheti ulicho nacho tayari.

La pili, najua litawaudhi wengine. Msikubali kutishwa na wanaosema kwamba bila kuchanganya gesi ya heli katika hewa ya mtungi huwezi kufika mita 45. Mimi nimeshuka mita 50 kwa hewa ya kawaida tangu miaka ya tisini, nikarudi, nikala chakula cha mchana. Heli ni ghali, na mafunzo yake ni ghali zaidi.

Kabla ya yote hayo, nenda Cape Town. Katika ghuba ya Smitswinkel, upande wa False Bay, kuna meli tano zilizozamishwa makusudi kati ya miaka ya sabini na mwanzoni mwa themanini, zikiwamo meli mbili za kivita, SAS Transvaal na SAS Good Hope, zote katika kina cha mita 30 na kitu. Maji yake ni baridi ya kutosha kukufundisha, na huwa maangavu zaidi majira yao ya baridi, Juni hadi Agosti. Tangu Januari 2023 Mkenya haombi viza ya kwenda huko kwa safari fupi, jambo ambalo huwezi kulisema kuhusu Uingereza.

Binti Shela

Mzee Chewa, shikamoo. Hilo la Karlsruhe sikulijua, na nimeipita mara tatu nikidhani ni meli ya kujipasha moto tu kabla ya zile kubwa.

La heli, hata hivyo, siwezi kulinyamazia, kwa heshima zote. Mazoea yako yalijengwa katika maji ya nyuzi 27, ukiona mbele mita 20 na ukihema taratibu. Hewa ya kawaida ikifika mita 45 huwa na uzito wa gramu 7 na zaidi kwa lita, ilhali wataalamu wa upumuaji wa chini ya maji wanashauri mtu asizidi 5.2, na wanaiweka 6.2 kuwa mpaka wa mwisho. Gesi nzito namna hiyo huyachosha mapafu, hewa chafu (kaboni dioksidi) ikabaki mwilini, na hewa chafu ndiyo inayoukoleza ulevi wa naitrojeni, ule unaowapata wapiga mbizi kwenye kina kirefu. Ongeza mtu anayefanya kazi ngumu kwa sababu ya baridi na suti nene. Mchanganyiko wenye oksijeni asilimia 21 na heli asilimia 35, katika kina kilekile, una uzito wa gramu 5 hivi, na kichwa chako kinakuwa kama cha mtu aliye mita 26. Tofauti hiyo nimeionja: Markgraf ya kwanza, niliyoishukia kwa hewa, naikumbuka kama ndoto ya homa, na ya pili nakumbuka hata misumari yake.

Onyo dogo kwa atakayeitumia: usiijaze suti kavu kwa gesi yenye heli. Heli hupitisha joto upesi kuliko hewa, utaganda. Beba chupa ndogo ya hewa ya suti peke yake.

Chewa Mzee

Marahaba, mwanangu. Nimekusikia kuhusu uzito wa gesi. Sijashawishika kabisa, lakini miaka ile hatukuwa na hesabu hizo, na wako wenzangu wawili waliolewa chini hadi wakampa samaki vipumulio vyao. Tulicheka baadaye. Labda tulicheka mapema mno.

Tabibu wa Kilimani

Mimi ni daktari na napiga mbizi mara chache kwa mwaka, kwa hiyo nitabaki katika eneo langu.

Kila ukishuka, naitrojeni huyeyuka mwilini, na ukipanda inahitaji muda wa kutoka polepole kupitia mapafu. Ikiharakishwa hugeuka mapovu ndani ya damu na maungo, nao ndio ugonjwa wa mgandamizo. Baridi huuingilia mpango huo kwa njia ambayo wengi huielewa kinyume. Majaribio ya Jeshi la Majini la Marekani yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kwamba hali mbaya kuliko zote ni kuwa na joto ukiwa chini na kupata baridi wakati wa kupanda, kwa sababu damu hutembea vizuri wakati wa kuipokea naitrojeni, kisha mishipa hubana wakati wa kuitoa. Atakayevaa fulana ya umeme chini ya suti asiiwashe mwanzoni akaja kuishiwa betri katika kituo cha kusubiri wakati wa kupanda. Ni heri avumilie kidogo huko chini na aiwashe akipanda.

Kunyweni maji. Baridi huukojoza mwili, na watu waliovaa suti kavu huogopa kunywa hata kikombe cha chai kwa sababu hakuna pa kwenda. Damu nzito haisaidii chochote.

Kisha kuna urefu wa Nairobi, ambao sisi wenyewe huusahau. Jiji hili liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Pendekezo la DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, ni kusubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima, saa 18 baada ya mbizi nyingi za siku kadhaa, na zaidi ya hapo kwa mbizi zenye vituo, na linahusu kupanda mahali pa juu vilevile kama linavyohusu ndege. Mnaopiga mbizi Jumapili asubuhi kisha mkapanda treni ya alasiri kutoka Mombasa, mnajipandisha mlimani mkiwa mmeketi. Nimemwona mtu aliyeanza kuumwa bega njiani na akadhani ni mkoba aliobeba. Kwa safari ya Mkizi, siku ya mwisho ya boti iwe ya kutembea Stromness na kuangalia makumbusho, na ndege iwe kesho yake jioni.

Mkizi wa Lang'ata

Nimerudia hesabu ya Binti Shela mara mbili kwa takwimu zangu mwenyewe, maana kompyuta yangu ya mbizi huhifadhi kiasi ninachopumua, na nimegundua kwamba hata Nyali huwa sishuki chini ya lita 23 kwa dakika. Sikupenda nilichokiona. Kwa jibu la Mzee Chewa sina maneno. Nimekaa na picha ya ule mzinga wa Fort Jesus tangu jana.

Nimeamua hivi. Julai nitakwenda Cape Town kwa siku kumi, nijifunze suti kavu na mitungi miwili katika kina kifupi, na mwalimu akiridhika nishuke Smitswinkel mara mbili au tatu. Septemba nitakwenda Orkney, nianzie Karlsruhe, na kama mambo yatakwenda vizuri nifuatishe Brummer na Cöln. Siku ambayo boti itakuwa Markgraf nitabaki juu na nahodha. Binamu yangu amenuna kidogo, naye angali anashikilia raba yake ya milimita 7.

Limebaki swali moja. Nimejaribu suti kavu ya rafiki hapa South C, na ile pete ya mpira ya shingoni ilinibana hadi nikaona nyota. Je, hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe, ili maji yasiingie?

Binti Shela

Hapana, ivue. Pete inayobana mishipa ya shingo inaweza kukuangusha ukiwa bado umesimama kwenye boti. Ikiwa ni ya mpira mwembamba, huwa na mistari ya kukatia. Mwambie mwenye suti akate mstari mmoja kwa mkasi mkali, kwa mkato mmoja usio na meno, kisha uijaribu tena kwa robo saa nzima ukiwa umeketi. Ipake poda kabla ya kuivaa, vua mkufu, kata kucha. Na ndevu nazo, kama unazo, zinyolewe mahali pete inapokaa, maana maji ya nyuzi 12 hupita katika unywele mmoja.